Kumpima rais katikati ya muhula, huku mhojiwa akiuliza umetumwa na nani

Hapa Uganda kura za maoni husikika redioni miezi michache kabla ya uchaguzi, na karibu kila mara huwa zinahusu jambo moja tu, yaani nani atashinda. Zikishatangazwa, chama tawala huzishangilia au huzikana kulingana na namba zilizomo, wapinzani nao hufanya vivyo hivyo, kisha kura yenyewe inapigwa na mazungumzo yanakwisha mpaka miaka mitano ipite. Kuna swali lingine, ambalo kwa maoni yangu lina uzito mkubwa zaidi kwa mwananchi wa kawaida, lakini halipati nafasi hiyo: katika miezi 12 iliyopita, je, unaikubali au huikubali namna rais alivyofanya kazi yake? Swali hili halimtaki mtu aseme atampigia nani kura. Linamtaka amkague kiongozi aliye kazini, wakati ambapo muda wa kurekebisha mambo bado upo.

Nimefanya kazi ya uhojaji katika tafiti za kaya huko West Nile, kaskazini-magharibi mwa nchi, na baadaye Buganda, za siasa na za afya, kilimo na elimu pia, na kazi hiyo imenifanya niamini mambo mawili ambayo kwa juu yanaonekana kupingana. La kwanza ni kwamba raia wana haki ya kuulizwa swali hilo mara kwa mara, na majibu yao kutangazwa bila mtu kuomba radhi. La pili ni kwamba asilimia inayopatikana, ikisomwa peke yake bila kuelezwa ilivyopatikana, humpotosha msomaji, na huenda ikampotosha rais kuliko mtu mwingine yeyote. Ninayashikilia yote mawili kwa pamoja, na ninadhani njia ya kuyapatanisha ni kubadilisha namna tunavyoisoma namba yenyewe: tusiulize kwanza iko juu kiasi gani, bali imetoka wapi, inaelekea wapi, na inaachana kwa umbali gani na majibu mengine ambayo watu haohao wametoa siku hiyohiyo.

Wamarekani ndio waliolizoea swali hili kwa muda mrefu. George Gallup alianzisha taasisi yake mwaka 1935, na mwaka uliofuata alijijengea jina alipotabiri ushindi wa Franklin Roosevelt, ilhali jarida la Literary Digest, lililopokea majibu zaidi ya milioni mbili kwa njia ya posta, lilitangaza kwamba Alf Landon ndiye angeshinda. Jarida lile lilikuwa limetegemea sana majina yaliyotoka katika orodha za wenye simu na wenye magari, katika miaka ambayo maskini wengi hawakuwa na simu wala gari. Gallup aliwauliza watu wachache zaidi, lakini aliwachagua kwa uangalifu zaidi. Kabla ya muongo ule kwisha alikuwa tayari anawauliza Wamarekani kama wanaikubali kazi ya rais wao, na swali hilo likaendelea kuulizwa kwa maneno yaleyale kwa kila rais aliyefuata.

Faida ya kuuliza kwa maneno yaleyale inaonekana katika namba zenyewe. Harry Truman alikubaliwa na asilimia 87 katikati ya mwaka 1945, na kufikia Februari 1952 alikuwa ameshuka hadi 22. Richard Nixon alianza mwaka 1973 akiwa na asilimia 67, na alipojiuzulu Agosti 1974 alikuwa na 24. George H. W. Bush alifikia asilimia 89 baada ya vita vya Ghuba mwanzoni mwa 1991, akaporomoka hadi chini ya 30 katikati ya 1992 kwa sababu ya uchumi, na Novemba mwaka huo akashindwa na Bill Clinton. Mwanawe, George W. Bush, alikuwa na asilimia 51 siku chache kabla ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, na kabla ya mwezi huo kwisha alikuwa na 90. Hakuna hata moja kati ya namba hizi ambayo ingetueleza jambo la maana kama ingesimama peke yake. Kilichowafundisha Wamarekani ni mwendo wake, na hasa kasi yake, kwa kuwa rais aliyeona 89 akadhani ni mali yake alikuja kugundua kwamba alikuwa ameazimwa tu.

Karibu nasi, Tanzania ilipata mafunzo ya aina nyingine, nayo yalituumiza wengi tunaofanya kazi hii. Shirika la Twaweza lina mpango uitwao Sauti za Wananchi, ambao huchagua watu kwa sampuli nasibu, huwatembelea mara ya kwanza, kisha huwapigia simu watu haohao kila baada ya muda. Julai 2018 shirika hilo lilichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba waliokubali utendaji wa Rais John Magufuli walikuwa asilimia 96 mwaka 2016, asilimia 71 mwaka 2017, na asilimia 55 mwaka 2018. Ukizisoma namba hizo kwa utulivu, rais bado alikuwa na zaidi ya nusu ya wananchi, jambo ambalo marais wengi duniani wangelifurahia. Walakini Tume ya Sayansi na Teknolojia ya nchi hiyo iliandika barua ikidai maelezo kuhusu kibali cha utafiti, na pasipoti ya mkurugenzi mtendaji wa shirika, Aidan Eyakuze, ikachukuliwa na idara ya uhamiaji. Baadaye mwaka huohuo Sheria ya Takwimu ilirekebishwa kwa namna iliyowatisha wote ambao wangechapisha takwimu zisizolingana na za serikali, na ilipofika 2019 masharti hayo yakalegezwa. Mwaka 2016, asilimia 96 ilipotangazwa, sikusikia mtu akiuliza habari za kibali.

Ninalitaja jambo hilo kwa sababu madhara yake hayakuishia kwa mtu mmoja aliyenyang'anywa pasipoti. Mhojaji anapopiga simu baada ya tukio la namna hiyo, anayeipokea tayari amejua kwamba hata walioandika majibu waliandamwa, na atajiuliza itakuwaje kwa yule aliyeyatoa. Kwa hiyo serikali inayomwadhibu mpimaji huharibu vipimo vyote vitakavyofuata, pamoja na vile ambavyo ingevihitaji yenyewe ili kujua kama mpango wake wa maji au wa mbolea umewafikia watu.

Kwetu Uganda, mradi uliouliza swali la rais kwa muda mrefu na kwa utaratibu unaojulikana ni Afrobarometer, ambao ulifika hapa mwaka 2000 na umerudi kila baada ya miaka michache. Kwa kawaida huhoji watu 1,200 au 2,400 wenye umri wa miaka 18 na zaidi, ana kwa ana, kwa lugha ambayo mhojiwa mwenyewe ameichagua. Kwanza maeneo ya kuhesabia watu yaliyochorwa kwa ajili ya sensa huteuliwa kwa bahati nasibu, yenye watu wengi yakipata nafasi kubwa zaidi. Kisha, ndani ya eneo, mhojaji huanzia mahali palipopangwa, hutembea kwa kuhesabu nyumba, na ndani ya nyumba humchagua mtu mmoja kwa nasibu, mara hii mwanamume na mara ijayo mwanamke. Mhojaji haruhusiwi kumchukua kijana aliyekaa kivulini kwa kuwa yuko karibu na ana nafasi. Anayetakiwa akiwa shambani, unamngoja au unarudi jioni. Watu wanaodharau kura za maoni kwa kusema kwamba wao hawajawahi kuulizwa wangebadilisha mawazo kama wangeona jasho linalomwagika ili watu 2,400 wasimame mahali pa mamilioni.

Tatizo langu haliko hapo. Liko kwenye njia anayopita mhojaji kabla ya kufika mlangoni. Utafiti unahitaji kibali cha Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, na ukiwa na kibali hicho unaripoti wilayani kwa RDC, ambaye huteuliwa na rais na humwakilisha rais katika wilaya ile. Yeye ndiye anayegonga mhuri kwenye barua yako. Kutoka hapo unakwenda kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, ambaye mara nyingi atakusindikiza au atamtuma mtu akuonyeshe mipaka ya kijiji. Taratibu hizi zina sababu zake nzuri, maana si haki mgeni kuingia kwenye nyua za watu bila viongozi kujua. Hata hivyo matokeo yake ni kwamba swali la kumkagua rais linamfikia mwananchi likiwa limepitia mkononi mwa mteule wa rais, na mwananchi huyo ana macho.

Upande wa Terego, mzee mmoja alinikaribisha kitini, akanisikiliza nilipomweleza kwamba majibu yake ni siri na kwamba hatukutumwa na serikali, akatikisa kichwa kwa adabu, kisha akaniuliza, "Sawa, mwanangu, lakini umetumwa na nani?" Nilimweleza tena. Tulipofika kwenye swali la rais alijibu upesi kwamba Mzee, yaani rais, anafanya kazi vizuri sana, akaningoja niandike. Kisha tukaingia katika maswali ya kituo cha afya, na hapo alizungumza kwa muda mrefu: dawa zinazokwisha baada ya siku chache, muuguzi anayeonekana mara mojamoja, binti wa jirani aliyebebwa kwa boda boda usiku akitafuta mahali pa kujifungulia. Jibu lake la kwanza sikuliona kuwa uongo. Kwake yeye lilikuwa heshima inayostahili kutolewa mbele ya mgeni asiyejulikana vizuri, na hayo ya kituo cha afya ndiyo maoni.

Lugha nayo inaongeza jambo ambalo watafiti kutoka Kampala huwa hawalitilii maanani. Sisi wa Arua tunakitumia Kiswahili sokoni, katika biashara na ndugu zetu wa Kongo na Sudan Kusini, na mtu akikusalimu kwa Kiswahili huna sababu ya kushtuka. Luwero, kule Buganda, ni habari nyingine. Kwa wazee waliopitia utawala wa Amin na kisha vita vya 1981 hadi 1986, Kiswahili kilikuwa lugha ya askari kwenye vizuizi vya barabarani. Nilimwona mama mmoja huko akisikia salamu ya Kiswahili kutoka kwa mwenzetu, akaingia ndani kumwita mumewe. Mwenzetu alipogeukia Kiluganda, mkeka ukatandikwa. Kama mahojiano yangeendelea kwa Kiswahili, mama yule angejibu yote, na nina hakika angemsifu rais kwa kila swali. Nakipenda Kiswahili na ninaandika kwacho, lakini katika kupima maoni ya kisiasa siwezi kukubali kwamba kitumike popote tu kwa sababu katiba imekitaja kuwa lugha ya pili rasmi.

Hofu hii haikuzuka hewani. Agosti 2019 mahakama ya Kampala ilimhukumu Dkt. Stella Nyanzi kifungo cha miezi 18 kwa sababu ya shairi kuhusu rais aliloliweka Facebook, hukumu ambayo Mahakama Kuu iliitengua Februari 2020. Novemba 2020, baada ya mgombea urais wa upinzani Bobi Wine kukamatwa Luuka akiwa kwenye kampeni, watu wasiopungua 54 walipoteza maisha katika siku za machafuko yaliyofuata. Mhojiwa anayejua haya hahitaji kutishwa na mtu yeyote. Anajitisha mwenyewe, kimya kimya, anapochagua kati ya "ninakubali sana" na "ninakubali".

Afrobarometer wenyewe wanalijua tatizo hili, na nawasifu kwa kutolificha. Mwishoni mwa mahojiano humwuliza mhojiwa anadhani ni nani aliyewatuma, na katika nchi nyingi, pamoja na kwamba wameelezwa vinginevyo mwanzoni, wengi husema ni serikali. Watafiti waliochambua majibu hayo wameonyesha kwamba wanaodhani serikali ndiyo iliyotuma mhojaji hutoa sifa zaidi kwa watawala kuliko wale wasiodhani hivyo, na kwamba tofauti hiyo hukua katika nchi zisizo na uhuru mkubwa wa kisiasa. Hivyo basi ukubwa wa hofu hupimika, angalau kwa sehemu, na ulishapimwa ndani ya utafiti uleule unaotoa asilimia ya rais. Ajabu ni kwamba magazeti yetu huchapisha asilimia ya rais na kuiacha hii nyingine, ambayo ndiyo ingemsaidia msomaji kuipima.

Warusi wametupa mfano wa njia nyingine. Mwaka 2015, Vladimir Putin alipokuwa anapata zaidi ya asilimia 80 katika tafiti za kituo cha Levada, wanasayansi wa siasa walitumia mbinu ya orodha ili kujua kama watu walikuwa wanajibu kwa woga. Nusu ya wahojiwa walisomewa majina ya viongozi watatu, na nusu nyingine majina hayohayo pamoja na la Putin. Wote waliulizwa wanaunga mkono wangapi katika orodha, bila kutaja ni akina nani. Kwa kuwa makundi yote mawili yalichaguliwa kwa nasibu, tofauti ya wastani kati yake inaonyesha ni sehemu gani ya watu wanaomuunga mkono Putin, ilhali hakuna hata mmoja aliyemtaja kwa jina. Matokeo yalikuwa takriban asilimia 80, chini kidogo tu ya yale ya swali la moja kwa moja. Waliokuwa na hakika kwamba umaarufu ule wote ulikuwa woga walikosea, na waliokuwa na hakika kwamba woga haukuwepo kabisa walikosea pia. Ningependa sana mbinu hiyo itumike hapa kwa uzito, si mara moja tu, na si kwa lengo la kumwaibisha mtu. Inawezekana ikaonyesha kwamba rais anakubalika karibu sawasawa na inavyosemwa. Nitalipokea jibu hilo kwa mikono miwili, maadamu limepatikana kwa njia ambayo mama wa Luwero anaweza kuiamini.

Wako wanaosema kwamba, kwa sababu ya hofu hii, namba zetu hazina thamani yoyote. Siwaungi mkono. Kabla ya uchaguzi wa Februari 2011, tafiti za Afrobarometer zilimpa Rais Museveni karibu theluthi mbili ya kura, na wengi walizicheka. Tume ya Uchaguzi ilitangaza asilimia 68.38. Unaweza kusema kwamba utafiti ulikuwa sahihi, au kwamba pesa na hofu vilisukuma utafiti na kura kwa pamoja. Kwa vyovyote vile, kulikuwa na uhusiano kati ya kile watu walichomwambia mhojaji na kile kilichoripotiwa kutoka masandukuni. Mwaka 2016 mambo hayakukaa hivyo. Tafiti za mwisho zilizotangazwa zilimpa zaidi kidogo ya nusu, na matokeo rasmi yakavuka asilimia 60, kila upande ukaisoma tofauti hiyo ulivyotaka.

Hata hivyo tukio la 2011 linanivutia kwa sababu ya kilichofuata. Miezi miwili tu baada ya ushindi ule mkubwa, bei za mafuta na chakula zilikuwa zimepanda kiasi kwamba kiongozi wa upinzani Kizza Besigye na wenzake walianza maandamano ya kutembea kwa miguu kwenda kazini, na serikali ikajibu kwa mabomu ya machozi na kukamata watu. Kufikia Oktoba mfumuko wa bei ulikuwa umepita asilimia 30. Mtu aliyesimama Oktoba akitaja ile 68 ya Februari kama ushahidi kwamba wananchi wameridhika alikuwa anazungumzia nchi ambayo haikuwepo tena. Kura huchukua picha ya siku moja katika miaka mitano. Siku nyingine zote zinabaki bila kumbukumbu isipokuwa mtu awe amekwenda kuuliza, na kwa kiwango cha mara moja kila baada ya miaka miwili au mitatu, kama ilivyo sasa, misimu mizima ya njaa na ya neema inapita bila kuandikwa.

Tazama pia kaskazini. Mwaka 2006 watu wa Acholi na Lango walimpigia Besigye kura kwa wingi, baada ya miaka mingi ya vita na kambi za wakimbizi wa ndani. Mwaka 2011, bunduki zikiwa zimenyamaza na watu wamerudi vijijini mwao, Museveni alipata kura nyingi katika maeneo hayohayo. Mabadiliko hayo yalitokea hatua kwa hatua, kaya moja baada ya nyingine ikirudi nyumbani na kupima kama amani imekuja kukaa. Kilichobaki kwenye kumbukumbu za taifa ni namba mbili tu zilizo mbali miaka mitano, na wanasiasa wa pande zote wakajaza nafasi iliyo katikati kwa hadithi walizozitaka.

Pengo kati ya majibu lina habari nyingine inayostahili kusomwa. Katika awamu kadhaa za utafiti hapa kwetu, wengi wamesema hali ya uchumi ni mbaya huku wengi wakiikubali kazi ya rais, na mbunge akipata alama za chini kuliko rais. Aliyewahi kukaa kwenye kibanda cha chai hatashangaa. Utasikia kwamba Mzee hafikiwi na habari za kweli, kwamba fedha alizituma zikaliwa njiani, kwamba wabaya ni waliomzunguka. Katika uchaguzi wa Januari 2021 mawaziri wengi walipoteza viti vyao bungeni, na Makamu wa Rais Edward Ssekandi alishindwa katika jimbo lake, ilhali rais mwenyewe alitangazwa mshindi kwa asilimia 58. Sehemu ya pengo hilo ni hofu, sikatai. Sehemu nyingine ni imani ya kweli ya watu wanaogawa lawama kwa namna yao. Kutenganisha sehemu hizi mbili ndiyo kazi ngumu, na ndiyo kazi ambayo mchambuzi anayelipwa anapaswa kuifanya badala ya kusoma asilimia moja na kukaa chini.

Kwamba watu hutofautisha mambo ilionekana waziwazi kuhusu ukomo wa umri. Katiba ya 1995 iliweka miaka 75 kuwa kikomo cha mgombea urais, na Afrobarometer walipowauliza wananchi, takriban robo tatu walitaka kikomo hicho kibaki. Desemba 2017 wabunge 317 waliunga mkono kukiondoa, 97 wakapinga. Ndani ya ile robo tatu walikuwamo watu wengi waliosema wanaikubali kazi ya rais. Waliweza kumpenda kiongozi na bado kutaka sheria ibaki ilivyo, na asilimia ya kukubalika kwake haikupaswa kutumiwa na mtu yeyote kama kibali cha kuifuta.

Mambo ya hesabu nitayapitia kwa haraka. Sampuli ya watu 1,200 ina kiwango cha makosa cha takriban asilimia 3 kila upande, na ya watu 2,400 takriban 2, kwa hiyo rais akishuka kutoka 58 hadi 56 hakuna habari ya kuandika. Wahojiwa wa kanda moja, kama West Nile, wanaweza kuwa mia moja hivi ndani ya utafiti wa kitaifa, na hapo makosa hufika takriban 10 kila upande. Mwandishi anayetangaza kwamba West Nile imemkimbia au imemkumbatia rais kwa kutegemea watu mia moja anatukosea heshima sisi wenyeji.

Simu zimerahisisha kazi, nami naziunga mkono kwa maswali mengi. Zinaruhusu kuuliza kila baada ya wiki chache, zinapunguza gharama ya mafuta na malazi, na hazihitaji mtu wa LC kusimama uani. Lakini laini zetu zote zimesajiliwa kwa namba ya kitambulisho cha taifa, na anayepigiwa anajua kwamba sauti isiyojulikana upande wa pili inaweza kuwa inajua jina lake na kijiji chake. Wanawake wa vijijini, hasa wazee, mara nyingi hutumia simu ya mume au ya mtoto, na mwenye simu akiwa pembeni majibu hubadilika. Zile kura za mitandaoni ambazo vituo vya runinga huzitangaza kila jioni sizihesabu kabisa kuwa utafiti, seuze tangu Facebook ilipofungwa nchini Januari 2021 na wengi kulazimika kuingia kwa njia za kuzunguka. Hilo ni kosa la Literary Digest linalorudiwa kwa vifaa vipya.

Ninachokitaka kinaweza kufanyika bila sheria mpya na bila fedha nyingi. Swali la utendaji wa rais liulizwe angalau mara mbili kwa mwaka, kwa maneno yaleyale, katika miezi ileile, ili msimu wa mavuno usilinganishwe na msimu wa njaa. Kila matokeo yatoke pamoja na tarehe za mahojiano, lugha zilizotumika, idadi ya waliokataa kujibu, na jedwali la waliodhani wahojaji wametumwa na serikali, asilimia ya rais ikionyeshwa kwa kila kundi peke yake. Barua ya kuingia kijijini itoke kwenye ofisi ya takwimu au ya wilaya inayohusika na mipango, si kwa RDC. Na matokeo yasiishie kwenye ukumbi wa hoteli ya Kampala, kwa Kiingereza, mbele ya waandishi na wafadhili. Yasomwe kwenye redio za Arua, Gulu, Masaka na Mbale, kwa lugha ambazo maswali yaliulizwa, yakiambatana na maelezo ya jedwali hilo, ili aliyejibu kwa uangalifu ajue ni wangapi wengine walijibu kwa uangalifu kama yeye.